Madoa kwenye anga: jinsi ninavyosafisha sensa ya kamera mezani kwangu Dodoma

Kuanzia Julai hadi Oktoba, Dodoma ni harusi, vipaimara na vumbi. Mvua ilishakatika zamani, majani yamekauka, na upepo wa mchana unanyanyua udongo kutoka kwenye viwanja vitupu na kuumwaga kila mahali: kwenye mapazia, kwenye sahani, hata ndani ya begi la kamera lililofungwa zipu vizuri. Mpiga picha wa mji huu hawezi kulikwepa. Anachoweza ni kulijua: linaingia vipi, linatua wapi, linatolewaje bila kuharibu kitu. Kwa miaka mingi sasa nasafisha sensa za kamera zangu mwenyewe, yaani kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga na kutengeneza picha, na za wenzangu wakiniletea. Nimeamua kuandika kwa sababu bado naona vijana wenye kamera moja tu, hiyohiyo inayowalisha, wakiipakia kwenye basi kwenda kwa fundi Dar es Salaam kwa ajili ya punje mbili tatu za vumbi. Ikifika Jumamosi wanahangaika kuazima kamera ya mtu ili wasiikose harusi waliyokwisha kupokea malipo yake ya awali.

Somo la kwanza alinipa mama mmoja mzaa bibi harusi. Alikuwa anapitia picha za ukoo zilizopigwa nje ya kanisa saa sita mchana. Akaweka kidole kwenye anga, akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, huyu ni ndege?" Lilikuwa doa la kijivu, la mviringo, kingo zake zimefifia, na lilikaa palepale katika kila picha ya nje. Picha za ndani ya kanisa na za ukumbini usiku, kamera ileile na lenzi ileile, zilikuwa safi kabisa.

Tofauti hiyo ndiyo ufunguo wa habari yote. Vumbi halitui juu ya sensa yenyewe. Mbele ya sensa kuna vioo vyembamba vya kuchuja mwanga, na punje hutua juu ya kioo cha nje. Kati ya punje na sensa pana nafasi ndogo, milimita moja au zaidi kidogo. Tundu la lenzi likiwa wazi, tuseme f/2.8 (namba ikiwa ndogo, tundu ni pana), mwanga unakuja kutoka pande nyingi na kuizunguka punje, kivuli chake kinapotea. Ukilibana tundu hadi f/11 au f/16, mwanga unaingia kwa njia nyembamba na kivuli kinakaza. Ndani ya kanisa tundu lilikuwa wazi kwa sababu ya giza. Nje, jua likiwa utosini na flashi ikiwaka ili kuondoa vivuli vya macho, shata, lile pazia linalofunguka mwanga uingie, haizidi 1/200 ya sekunde hivi kwa flashi ya kawaida, ISO (wepesi wa sensa kwa mwanga) iko 100, na jua lenyewe linakusukuma hadi f/11. Kwa hiyo ile picha ya ukoo mzima, babu na bibi wameketi katikati, ile itakayotundikwa sebuleni kwa miaka na miaka, ndiyo inayofichua vumbi kuliko picha zote za siku hiyo. Ukishalijua hili unaacha kulichukulia vumbi kama jambo dogo la kurekebisha baadaye kwenye kompyuta. Kufuta doa moja kwenye picha moja ni kazi ya sekunde chache. Kufuta madoa sita kwenye picha mia nne ni usiku mzima, na doa likiangukia kwenye shela au kwenye shavu la mtu, ufutaji unaonekana.

Mzee aliyenifundisha kazi hii alipiga filamu karibu maisha yake yote, na tatizo hili hakulijua kwa sura hii. Filamu husogea. Punje ikitua juu ya kipande kimoja inaondoka nacho, na picha inayofuata inapata kipande kipya. Sensa haisogei, picha ya kwanza na ya elfu kumi zinapita kwenye kioo kilekile. Watengenezaji waliliona mapema. Olympus E-1 ya mwaka 2003 ilikuja na kioo kinachotikiswa kwa kasi kubwa sana ili vumbi lidondoke, na mwaka 2006 Canon wakaweka mfumo wa namna hiyo kwenye EOS 400D. Siku hizi kamera nyingi za kubadilisha lenzi zinao. Unasaidia, usiuzime. Lakini unadondosha vumbi kavu lililokaa juujuu tu. Vumbi lililoshikwa na unyevu, chavua za maua, au tone la mafuta kutoka kwenye shata, mtikisiko huo hauling'oi.

Basi, kabla ya kugusa chochote, napima. Naweka ISO 100, tundu f/16, naondoa fokasi ya kujiendesha na kuizungusha lenzi ili ukuta mweupe usionekane vizuri. Shata naiacha polepole, sekunde moja au zaidi, na wakati inafunguka naisogeza kamera kidogo kidogo mbele ya ukuta. Alama zote za ukuta zinavurugika. Kinachobaki kimetulia ni vumbi. Picha hiyo naifungua kwenye kompyuta, nazidisha kontrasti mpaka iwe mbaya, na hapo punje zote zinajitokeza. Usiogope wingi wake. Kwenye sensa kubwa ya milimita 36 kwa 24 yenye pikseli milioni 24, pikseli moja ina upana wa sehemu sita za elfu za milimita, kwa hiyo punje usiyoweza kuiona kwa macho inafunika pikseli kadhaa bila shida.

Hapa ndipo nina msimamo ambao baadhi ya wenzangu hawaupendi: sisafishi ili kufikia sifuri. Kamera ya kazi isiyo na punje hata moja sijawahi kuiona. Madoa mawili hafifu pembeni, yanayoonekana kwa f/16 peke yake, nayaacha yalivyo, kwa sababu kila mara unapogusa kioo unabeba hatari, hata kama ni ndogo. Nasafisha pale doa linapokaa katikati, au linapoonekana kwa f/8, kwa kuwa hapo litaingia kwenye kazi ya mteja.

Kabla ya kuiacha hiyo picha ya kupimia, nachora mstatili kwenye karatasi na kutia alama mahali pa madoa. Lenzi hupindua taswira, kwa hiyo doa lililo juu kwenye picha liko chini kwenye sensa. Kushoto na kulia hakubadiliki ukiwa unaitazama sensa uso kwa uso, kamera imesimama wima wake: doa la juu kushoto kwenye picha utalikuta chini kushoto. Wengi wanasugua kona ya juu mpaka wanachoka, na punje inawatazama kutoka chini.

Chumba kina umuhimu kuliko vifaa. Kwangu nafanya kazi hii alfajiri, upepo ukiwa bado umelala. Usiku uliotangulia nadeki sakafu, nafuta meza kwa kitambaa kibichi, nafunga madirisha, nazima feni. Sifanyii chumba chenye zulia wala kitandani, na sivai sweta, maana nyuzi za sufu ni wageni wabaya kuliko udongo. Nanawa mikono na kuikausha vizuri. Taa iwe kali na iweze kuelekezwa. Tochi ya kuvaa kichwani inafaa sana, kwa sababu mwanga wa pembeni ndio unaoiangaza punje juu ya kioo.

Kisha betri, na ijae. Kwenye kamera zenye kioo cha kuakisi, unaingia kwenye menyu na kuchagua kusafisha sensa kwa mkono. Kioo kinapanda, shata inafunguka, sensa inakuwa wazi. Umeme wa betri ukikata kijiti cha kusafishia kikiwa ndani, shata na kioo vinarudi na kukikuta kijiti, na hapo ndipo safari ya fundi inapokuwa ya lazima. Kamera nyingi haziruhusu kabisa menyu hiyo ikiwa betri iko chini, na ziko sahihi. Kwenye kamera zisizo na kioo, ukitoa lenzi mara nyingi sensa iko wazi usoni pako. Angalia vizuri: baadhi hufunga mapazia ya shata zikizimwa ili kuilinda sensa. Mapazia hayo ni membamba mno na hayaguswi kwa kitu chochote. Soma kitabu cha kamera yako ujue namna ya kuyafungua. Tena, kamera hizi mpya nyingi zina sensa inayoelea ili kutuliza mtikisiko wa mkono, na unaweza kuiona ikicheza kidogo. Hiyo inataka mkono mwepesi zaidi.

Hatua ya kwanza ni hewa. Nashika kamera mdomo ukitazama chini, naingiza ncha ya pampu ya mpira bila kuivusha ukingo wa mahali pa kufungia lenzi, nabonyeza mara kadhaa kwa nguvu. Inayotoka inaanguka. Kabla ya hapo nishaibonyeza pampu hewani, mbali na kamera, ili kama ina vumbi lake itapike huko. Mara nyingi kazi inaishia hapa: unapima tena, doa limeondoka, unafunga lenzi na kunywa chai. Pampu nzuri ya mpira ndicho kifaa pekee ninachomwambia kila kijana anunue siku ileile anayonunua kamera.

Usipulize kwa mdomo. Matone ya mate ni madogo kuliko unavyodhani na yakikauka yanaacha alama ngumu kuliko vumbi lenyewe. Makopo ya hewa ya kusafishia kompyuta yana gesi iliyobanwa, na ukiyainamisha yanarusha kimiminika baridi kinachoacha utando juu ya kioo. Na kompresa ya fundi wa matairi, ambayo nimeona mtu akiielekeza kwenye kamera kando ya barabara, inatema mafuta na maji pamoja na hewa, kwa nguvu inayoweza kung'oa shata. Kitu hicho kisikaribie kamera.

Doa likibaki baada ya hewa, ndipo nafikiria kijiti cha maji. Hivi vinauzwa vikiwa vimefungwa kimoja kimoja: kipande bapa cha plastiki kilichovishwa kitambaa laini kisichotoa nyuzi, upana wake umekatwa kulingana na sensa. Cha milimita 24 ni cha sensa kubwa, cha milimita 16 ni cha sensa ndogo zaidi ya kawaida, iitwayo APS-C. Usinunue kimoja ukidhani kitafaa kwa zote mbili, kwa sababu kipana hakiingii na chembamba kinaacha mistari. Maji yake ni ya kazi hiyo, mara nyingi ni alkoholi safi isiyoacha chochote ikikauka. Spiriti ya duka la dawa haifai: asilimia 70 maana yake kilichobaki ni maji, na nyingine zina mafuta au rangi ndani yake. Vijiti vya pamba vya masikioni vinaacha nyuzi. Dawa ya kusafishia miwani ina vitu vya kung'arisha visivyotakiwa hapa. Sijui kwa nini watu wanaokaa na kamera ya mamilioni wanasita kununua kijiti cha bei ya sahani chache za chipsi.

Mpwa wangu, ambaye tunafanya kazi pamoja, mara ya kwanza aliiona sensa ikiwa wazi akarudi nyuma.

"Mjomba, nikiikwaruza je?"

"Unachogusa ni kioo, si sensa. Ni kigumu. Kinachokwaruza ni punje ya mchanga iliyonaswa chini ya kijiti. Ndiyo maana tumepuliza kwanza."

Nikamwonyesha taratibu. Matone mawili kwenye ukingo wa kitambaa, si matatu, kisha unasubiri sekunde chache maji yasambae. Kikilowa sana kitaacha madimbwi kwenye kingo za sensa, ambako hayafutiki kirahisi. Kijiti unakisimamisha ukingo wa kushoto, unakiinamisha kidogo kuelekea unakokwenda, unakivuta hadi ukingo wa kulia kwa mwendo mmoja bila kusimama. Mkandamizo ni ule wa kumfuta mtoto machozi: kitambaa kinajipinda kidogo, basi. Ukifika mwisho unainua, unageuza upande wa pili ulio safi, unarudi kutoka kulia kwenda kushoto. Kijiti hicho kimekwisha kazi, kinatupwa. Mpwa wangu alikuwa anaushika mkono wake wa kulia kwa mkono wa kushoto ili usitetemeke. Nilimwambia aegemeze viwiko mezani na atoe pumzi taratibu huku akivuta kijiti. Alipoinua, palikuwa na utando mwembamba wa unyevu juu ya kioo, wenye rangi za upinde wa mvua, ukiwa unakauka kutoka kingoni kwenda katikati. Ulipotoweka bila kuacha kitu, akacheka kwa sauti. Sasa kamera zote mbili anazisafisha yeye.

Mara nyingine kijiti kimoja hakitoshi. Vumbi la Dodoma likipata unyevu hugeuka tope dogo na kushika. Nachukua kijiti kipya, narudia, napima. Kama vijiti viwili vimeshindwa, naiacha mpaka siku nyingine, kwa sababu mtu aliyekasirika hushindilia mkono bila kujua.

Madoa ya mafuta yanajulikana kwa sura: ni ya mviringo kamili, mara nyingi na katikati palipong'aa, na pampu haiyasogezi hata kidogo. Yanatoka kwenye shata, hasa kamera ikiwa mpya. Nikon D600 ya mwaka 2012 ilipata sifa mbaya kwa madoa ya namna hii mpaka kampuni, mwaka 2014, ikatangaza kuzikagua na kubadilisha shata bila malipo. Kijiti cha maji huyaondoa. Yakirudi baada ya picha mia chache katika eneo lilelile, shida iko kwenye shata, na huwezi kuimaliza kwa kusafisha kioo.

Kuna vumbi lisilo na madhara ambalo huwapotezea watu muda. Ukichungulia kwenye kamera ya kioo na kuona punje, hizo ziko kwenye kioo cha kuangalizia na haziingii kwenye picha. Ziache. Kioo cha kuakisi chenyewe kimepakwa utando wa kuakisi upande wa mbele, na hakipendi kufutwa kabisa. Hewa kidogo inatosha. Punje juu ya kioo cha mbele cha lenzi nayo karibu haionekani kwenye picha, ingawa ndiyo tunayoisugua kila saa.

Vumbi lingi tunaliingiza wenyewe, na mlango wake mkubwa ni kifuniko cha nyuma cha lenzi. Kinakaa mfukoni, kinakusanya nyuzi na udongo, kisha tunakifunga kwenye lenzi kikamwagie nyuma yake, na lenzi ikafungwa kwenye kamera. Vifuniko vyangu naviosha kwa maji na sabuni kila mwezi na kuvikausha kabisa. Lenzi ya zumu nayo huvuta hewa ikirefuka na kuisukuma ikifupika, na hewa hiyo inakuja na ilichobeba.

Tulipokwenda Kolo, kule Kondoa, kupiga michoro ya miambani iliyoingizwa kwenye urithi wa dunia mwaka 2006, barabara ya udongo ilitufunika. Lenzi nilibadilishia ndani ya gari: madirisha yamefungwa, kiyoyozi kimezimwa, tumesubiri kidogo vumbi litulie, kamera inatazama chini, lenzi ya pili iko mkononi tayari na kifuniko chake kimelegezwa. Kwa mwendo kamera zilikaa ndani ya kanga iliyokung'utwa vizuri, kanga ndani ya begi. Kwenye miamba yenyewe, hata kwa f/11, vumbi lisingeonekana, maana uso wa jiwe una madoadoa yake. Nilipopiga bonde na anga lake kutoka juu ndipo nilipoangalia kwa makini, na sensa ilikuwa safi kiasi cha kuridhisha. Kwenye harusi siku hizi nabeba kamera mbili, moja na lenzi fupi na nyingine na lenzi ndefu, na lenzi hazibadilishwi mpaka tufike ukumbini. Mwenye kamera moja achague lenzi moja kwa shughuli ya nje na avumilie.

Wenzetu wa Tanga na Unguja vita vyao ni vingine. Kwao unyevu na chumvi ndivyo vinavyotangulia, na ukungu unaota ndani ya lenzi iliyofungiwa kabatini gizani. Vifuko vya kukausha unyevu ndani ya begi ni vya lazima kule. Huku kwetu hewa ni kavu na punje nyingi zinatoka kwa pampu tu.

Kuna hali ambazo na mimi napeleka kwa fundi bila kusita: mkwaruzo, ukungu ndani, kamera iliyoanguka kwenye maji ya bahari, shata inayomwaga mafuta kila mara, au uchafu ulio nyuma ya kioo cha nje, ambao unautambua kwa kuwa haujasogea hata nywele moja baada ya vijiti. Ukimpelekea fundi, mpe ile picha yako ya ukuta mweupe kwenye simu, tarehe ikiwa inaonekana, na mwombe apige nyingine kwa f/16 mbele yako kabla hujalipa. Fundi mzuri hatakataa.